Tanga au Bagamoyo: una wikiendi moja ya kwenda kula, uelekee wapi?

Swali hili naulizwa sana na watu wa Dar, hasa zikikaribia sikukuu au zile wikiendi ambazo Jumatatu ni mapumziko. Mtu anakwambia tumechoka chipsi kuku, tumechoka kukaa kwenye viyoyozi kula chakula ambacho hata hujui kapika nani, tunataka twende mahali tule chakula cha pwani chenyewe kimepikwa na mtu wa hapo hapo, sasa twende Tanga ama Bagamoyo? Na wengi wanataka jibu la neno moja. Mie mzaliwa wa Tanga, mawifi zangu wako Bagamoyo, nimekula huku na kule vya kutosha, na nakwambia kabisa kwamba neno moja halipo. Kwa mbali hii miji unaona inafanana, yote ina bahari, yote wanapikia nazi, yote jioni watu wako barazani na kahawa, ila ukikaa kula ndo unaona kila mji una saa zake na una mgeni wake. Mtu wa kutoka siku moja ukimpeleka Tanga atarudi analalamika kachoka na hajala kitu, na mtu anaependa kuonja onja kila kona ukimweka Bagamoyo siku tatu, siku ya tatu ataanza kuuliza sasa leo tunakula nini kipya.

Kwahiyo naweka vigezo kwanza afu kila mji unapita kwenye kigezo kile kile.

Vigezo vyenyewe

Cha kwanza muda, yaani una masaa mangapi ukitoa ya barabarani. Cha pili chakula chenyewe, nini kipo pale ambacho kwako hukipati au hukipati kwa ubora huo. Cha tatu unakula wapi na nani anakupikia. Cha nne saa za kula, hiki watu wengi hawakifikirii kabisa na ndo kinachoharibu safari nyingi kuliko vyote. Cha tano msimu. Afu kuna hela, na kuna aina ya watu ulioongozana nao, kama una watoto, una mzee, au una yule ndugu asiekula samaki (kila ukoo anae mmoja).

Bei sitataja, mana zinapanda na kushuka na samaki hana bei ya kudumu.

Muda na njia

Bagamoyo iko kama kilometa 70 kaskazini ya Dar, lami mpaka mjini, na daladala za kwenda huko unazipata Makumbusho. Ukiwa na gari yako shida ni kule Mwenge mpaka Tegeta tu, ukishapita Bunju unaanza kupumua. Ukitoka alfajiri unakunywa chai Bagamoyo na usiku unalala kwako. Pale stendi unachukua bajaji au boda mpaka Mji Mkongwe na ufukweni, sio mbali, mwenye miguu mizuri anatembea. Kwa siku moja Bagamoyo inakutosha na chenji inabaki, unaweza hata kupita Kaole kuona magofu afu ukarudi kula.

Tanga hesabu yake ni nyingine. Ni kama kilometa 350 kwa njia ya Chalinze na Segera, basi unapanda kule Mbezi stendi ya Magufuli, ukibahatika ni masaa matano, ukikutana na malori na vituo vya mizani ni zaidi ya hapo. Unashukia Kange, ambayo iko nje ya mji, bado unatafuta usafiri wa kuingia mjini. Wenyewe tuna usemi wetu wa Tanga waja leo waondoka leo, ila kwa safari ya chakula usiufuate huo, hesabu usiku mbili kwa uchache. Usiku mmoja ni kujitesa, utakula futari ya uchovu usiku wa kwanza na chai ya haraka asubuhi, basi.

Lakini Tanga ina kitu ambacho Bagamoyo haina, njia yenyewe inalisha. Kuanzia Michungwani mpaka Muheza kwenye msimu ni machungwa tu pembeni ya barabara, yamepangwa kwenye ndoo na kwenye nyavu, na yale ya Muheza msiyachukulie kwa rangi mana chungwa letu likiwa kijani hivyo hivyo limeshaiva na lina maji kuliko la njano unalonunua mjini.

Chakula chenyewe

Hapa ndo penyewe, nitakaa.

Bagamoyo ukienda unaenda kula samaki, na hilo halina mjadala. Soko liko ufukweni kabisa karibu na forodha ya zamani, ngalawa na madau yanafika, samaki anashushwa, mnada unaanza pale pale, wachuuzi wa Dar wapo wanapigania mafungu, wapara samaki wapo na visu vyao, na pembeni kuna wakaangaji na makarai makubwa juu ya kuni. Changu, tasi, kibua, kolekole, taa, ngisi, inategemea siku hiyo bahari imetoa nini. Kutoka baharini mpaka kwenye sahani yako hapo katikati hamna friza wala barafu ya siku tatu, na ulimi unajua, nyama ya samaki inaachia mfupa yenyewe, tamu, haihitaji viungo vingi, chumvi na ndimu na pilipili ya kugonga inatosha.

Afu kuna kamba. Mto Ruvu unaingia baharini kaskazini ya mji, pale kuna mikoko, na kamba wadogo wanakulia kwenye mikoko ndo mana ukanda ule wa Bagamoyo mpaka Saadani unajulikana kwa kamba toka zamani. Ukiwapata wabichi waliovuliwa usiku ule, mtu akakutilia kwenye tui zito na kitunguu na nyanya na bizari kidogo, afu wali wa nazi pembeni, basi sina cha kuongeza. Na matunda, usisahau Kiwangwa ni wilaya hiyo hiyo ya Bagamoyo, mananasi yake ndo yale yanayojaza masoko ya Dar, ukilila kule kule unajua kabisa hili halijakaa kwenye lori.

Ukiacha samaki na kamba, Bagamoyo uwanja unapungua. Utapata wali maharage ya nazi, ugali, mchicha, muhogo, chapati, chipsi na mishkaki jioni, vitamu vyote ila ndo hivyo hivyo vilivyoko Mbagala na Temeke. Sio kwamba watu wa Bagamoyo hawajui kupika, wanajua sana, mawifi zangu wale wakikupikia samaki wa kupaka utaomba uhamie, ila mapishi mengi yamebaki majumbani. Mie naona historia ina mkono hapo. Mji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka bara, Wajerumani wakaufanya makao makuu yao mpaka 1891 walipohamia Dar, biashara kubwa ikaondoka nayo, mji ukabaki mdogo na wenye utulivu, na mji wenye watu wachache wanaokula nje hauwezi kuwa na majiko mengi barabarani.

Tanga ni kinyume chake. Reli ilianza kujengwa kutokea Tanga 1893, na mwaka huo huo Mjerumani Richard Hindorf ndo alileta miche ya mkonge ikapandwa karibu na Pangani, mashamba yakasambaa na watu wakaletwa kufanya kazi kutoka kila upande wa nchi. Bandari ikaleta Wahindi na Waarabu, Wadigo na Wabondei na Wasegeju wako kwao, Wasambaa wanashuka kutoka milimani na mboga zao. Watu wote hao walikuja na vyungu vyao, na mpaka leo unavikuta mtaa mmoja. Hii ndo sababu kwenye kigezo cha aina za vyakula Tanga inaipita Bagamoyo mbali, na nasema hivyo sio kwa sababu ni kwetu.

Chukua asubuhi tu peke yake. Vitumbua vya mchele vinatoka kwenye kikaango vikiwa na ukoko pembeni na laini katikati, maandazi ya iliki, mkate wa kumimina, chapati za maji, na mbaazi za nazi za kuchovya, nzito, tui limeshika. Unaweza kukaa Tanga siku tatu na kila asubuhi ukala kitu tofauti. Mchana wali wa nazi uliopaliwa makaa juu, na samaki wa mchuzi wa ukwaju, au kisamvu cha nazi. Ijumaa tafuta biriani au pilau, wapishi wengi wanakitoa siku hiyo baada ya swala na kinawahi kuisha. Jioni ndo kabisa, bhajia za kunde, kachori, katlesi, sambusa, urojo wenye embe mbichi na bhajia ndani, mishkaki, muhogo wa kuchoma na pilipili, na supu ya pweza usiku ya moto unakunywa umesimama.

Na kuna bada. Kama hujawahi kula bada na unasema unajua chakula cha Tanga, bado. Ni ugali wa unga wa muhogo, unavutika, mkononi ni laini, na unaliwa na samaki wa nazi au na mchunga. Mchunga ni mboga chungu kweli, wageni wengi tonge la kwanza wanakunja uso, ila ukiiacha iingie na tui na bada, tonge la tatu unaelewa kwanini watu wazima wa Tanga wakiwa mbali na kwao wanaiota. Bada huikuti kila mgahawa, unauliza, na mara nyingi utaambiwa njoo kesho mchana ntakuwekea.

Maziwa pia. Mkoa wa Tanga una ng'ombe wa maziwa wengi, mtindi wa Tanga Fresh unaujua hata uko Dar, sasa pale kwenyewe mtindi ni kitu cha kila siku, na mtindi na viazi vitamu ni chakula kamili. Ukipata nafasi ya kupanda Lushoto hiyo ni safari nyingine ndani ya safari, kuna makande, mapeasi, mboga zenye ladha ya baridi, lakini usiibane kwenye wikiendi hiyo hiyo tafadhali.

Kwa samaki peke yake, Tanga nayo inavuliwa vizuri, soko la Deep Sea lipo na samaki wanashushwa. Ila raha ile ya Bagamoyo ya kununua, kuparuliwa, kukaangiwa na kula mita chache kutoka kwenye ngalawa iliyomleta, Bagamoyo imeiweka karibu zaidi na mgeni.

Unakula wapi, nani anapika

Bagamoyo sehemu ni tatu. Soko la samaki, ambapo unachagua samaki wako na kumpa mkaangaji kwa makubaliano, ugali au chapati unaagiza kwa mama wa jirani. Magenge ya mama ntilie kuelekea stendi na sokoni, chakula cha mchana cha watu wa kazi. Afu hoteli za ufukweni, hizi zimezoea wageni wa nje, zina meza nzuri na kivuli na choo safi, samaki anapikwa vizuri ila unasubiri, na ladha wameipunguza makali kidogo. Kwa mtu mwenye wazazi wazee au watoto wadogo hoteli za ufukweni sizidharau hata kidogo, kukaa kwa starehe nako ni sehemu ya kula.

Tanga chakula kimetawanyika na ndo utamu na ndo ugumu wake. Ngamiani, ile mitaa ya barabara za namba, asubuhi utakuta kina mama wametoa majiko mlangoni kwao, hamna kibao wala jina, dalili ni watoto wenye sahani na vyombo wamepanga foleni. Ukiona foleni ya watoto waliotumwa, ingia, mana mama wa nyumbani hamtumi mtoto kwenye kitumbua kibaya. Mjini kati kuna migahawa ya zamani ya Kihindi na Kiswahili, unapata chai ya maziwa ya viungo na vitafunwa vya chumvi. Jioni watu wanavuta upepo upande wa bahari, bustani ya Jamhuri na kule Raskazone, wauzaji nao wanafuata watu. Mji ni tambarare, watu wake wamezoea baiskeli, ukipata ya kuazima au kukodi utazunguka kula kuliko mwenye gari, mwenye gari anapita foleni ya vitumbua bila kuiona.

Kote kote swali la kuuliza sio menyu, ni "leo kuna nini mama?" Na salamu kwanza, shikamoo kwa mkubwa, unauliza hali, ndo unauliza chakula. Mkipita mtu anakula akisema karibu, jibu starehe, sio lazima ukae. Mavazi ya staha hasa Ngamiani na Mji Mkongwe, ukitoka kuogelea jifunge kanga kabla hujaingia mtaani. Hivi vidogo vidogo vinafungua milango, mama akishakuona una adabu ndo anakwambia subiri kuna kitu naipua sasa hivi.

Saa za kula

Bagamoyo saa inapangwa na bahari. Boti zikiwahi, soko linawahi, zikichelewa mnasubiri wote. Kwa kawaida mtu anaefika asubuhi akakaa mpaka mchana anapata vizuri, mtu anaefika saa kumi na moja jioni anakuta waliobaki ni wa kukaanga wa toka mchana. Usiku mji unatulia mapema, utapata chipsi, mishkaki, kuku, kahawa, lakini usipange safari yako kuzunguka chakula cha usiku pale.

Tanga saa inapangwa na nyumba. Saa kumi na mbili mpaka saa tatu asubuhi ni chai, ukilala mpaka saa nne vitumbua vimeisha na mama keshaingia ndani kuosha vyombo. Mchana saa saba. Afu kuna lile pengo la saa tisa mpaka kumi na moja ambapo mji umejinyoosha, wageni wengi wanazunguka saa hizo wanasema Tanga hamna kitu, jamani mmekuja wapishi wamelala. Kuanzia magharibi mji unaamka tena mpaka usiku, wauza kahawa wanagonga vikombe, barazani bao linachezwa, kashata ipo, pweza yupo. Kwahiyo ratiba ya Tanga ni kuamka mapema, kulala mchana, kutoka jioni. Ukiishi hivyo siku mbili utakula kuliko mtu aliekaa wiki anaamka saa nne.

Msimu

Kaskazi inapovuma, kuanzia kama Desemba mpaka Machi, bahari ni tulivu zaidi na wavuvi wadogo wanatoka vizuri. Kusi ikishika, Mei mpaka Septemba hivi, kuna siku bahari inachafuka na vyombo vidogo vinakaa nchi kavu, samaki anapungua na bei inapanda. Hii inaipiga Bagamoyo zaidi kwenye mpango wako, mana ulikwenda kwa samaki, samaki hayupo, umebaki na nini? Tanga siku ya upepo mbaya unakula mbaazi na bhajia na biriani na maisha yanaendelea. Kamba wao wanapenda mito ikishusha maji mengi, kwahiyo kipindi cha mvua na baada yake ulizia.

Pweza ana kalenda yake. Wanaomtafuta kwa miguu kwenye miamba wanategemea maji yakipwa sana, yaani kipindi cha bamvu, mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Ukipanga safari karibu na siku hizo nafasi ya kupata pweza mbichi ni kubwa kuliko siku za maji mafu.

Matunda: machungwa ya Muheza yanakolea katikati ya mwaka, maembe na mananasi mwisho wa mwaka kuelekea Januari. Masika, Machi mwishoni mpaka Mei, miji yote miwili ni tope na magenge mengi ya nje yanafunga.

Ramadhani nitaisema peke yake. Miji yote hii ni ya Waislamu wengi, mchana magenge mengi yamefungwa na sio jambo la heshima kutafuna barabarani. Lakini jioni! Tambi, viazi vya nazi, magimbi, mihogo, kaimati, uji wa pilipili manga, na hapa Tanga inakuwa mji mwingine kabisa, meza za futari zinatoka mitaani kuanzia alasiri. Mtu anaejua kusubiri magharibi aje Tanga mwezi huu. Mtu mwenye watoto wadogo wanaotaka kula kila saa, asubiri mwezi uishe au akae hoteli za ufukweni Bagamoyo. Na Bagamoyo ina tamasha la sanaa la TaSUBa, kile chuo cha sanaa cha pale pale, linalofanyika kila mwaka, mara nyingi Oktoba, vyakula vinaongezeka mjini na ngoma zipo, ila vyumba vinajaa kwahiyo weka chumba mapema.

Hela, na ndugu asiekula samaki

Bagamoyo nauli ni ndogo ila chakula chenyewe, samaki mkubwa na kamba, kinaweza kukugharimu, hasa ukinunua kwa haraka bila kuuliza watatu wanne. Elewana bei ya samaki na bei ya kukaanga kabla kisu hakijagusa. Angalia macho yawe maangavu na mashavu mekundu. Tanga nauli na kulala ndo vinakula hela, ukishafika chakula cha mtaani ni rahisi na unashiba kwa vipande vipande.

Ndugu asiekula samaki Bagamoyo atakula wali maharage mara tatu, atavumilia siku moja. Tanga hatajua hata kama amekosa kitu. Asiekula nyama kabisa vile vile, mbaazi, bhajia, kisamvu, mchunga, vitumbua, amefika. Tumbo la mtoto au la mgeni, kote, chakula kiwe kinafuka moshi, urojo na kachumbari mpe siku ya pili sio ya kwanza, maji ya chupa.

Kwa hali yako sasa

Una siku moja tu, Jumamosi au Jumapili: Bagamoyo, toka alfajiri, sokoni kabla ya saa nne, kula mchana, rudi kabla foleni ya jioni haijakamata.

Mnataka kukaa wawili mahali patulivu, mle samaki, mtembee magofu, mlale mapema: Bagamoyo usiku mmoja, na mlale karibu na ufukwe.

Una siku tatu, unapenda kutembea kwa miguu na kuonja vitu vidogo vingi, na unaamka mapema bila kulazimishwa: Tanga, ulale mjini karibu na Ngamiani au Chumbageni sio nje ya mji, mana chai ya asubuhi ndo nusu ya safari.

Umeongozana na wazee wenye magoti: Bagamoyo kwa sababu ya barabara fupi, isipokuwa kama wana ndugu Tanga, hapo waende Tanga wakapikiwe nyumbani, chakula cha nyumbani Tanga hakuna mgahawa utakaokifikia.

Unataka kujifunza kupika, kukuna nazi, kutoa tui la kwanza na la pili, kujua bizari inaingia lini: Tanga, mana wapishi wako mlangoni na wanaongea. Nunua kwa mama yule yule siku mbili mfululizo, ya tatu muombe ukae nae jikoni, wengi hawakatai.

Kusi imekaza na umesikia bahari mbaya: ahirisha Bagamoyo, au nenda Tanga.

Na kama una gari na siku nne na kweli huwezi kuchagua, usipite Chalinze kwenda Tanga. Toka Dar mpaka Bagamoyo, kula samaki mchana, lala. Asubuhi shika barabara ya Bagamoyo kwenda Msata, ni lami, inapita Kiwangwa, inakutoa kwenye barabara kuu, afu Segera, Muheza, Tanga. Ile barabara ya kufuata pwani moja kwa moja kupitia Saadani na Pangani ulizia hali yake kwanza kabla hujaingia, hasa mvua zikiwa zimenyesha. Mananasi ya Kiwangwa ukienda kula moja tu papo hapo, ya kubeba nunua siku unarudi, na machungwa ya Muheza hivyo hivyo, mana ukiyabeba toka siku ya kwanza yatakaa kwenye joto la buti siku tatu na nyumbani utafikisha yaliyopondeka.